Mwanga Umepotelea Wapi?

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya wavuvi, wazazi na vijana waliokusanyika ukumbini hapa kwetu, kando ya Ziwa Victoria. Wengi mliokuwa safarini mmeomba myapate yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Michoro ya ubaoni nimeiacha, na mahali pake nimeeleza kwa maneno.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana wangu, na ninyi ndugu zangu wavuvi mliopumzisha mitumbwi kwa kuwa mwezi umepevuka na dagaa hawaifuati taa usiku kama huu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya tochi. Nimefurahi sana, maana katika miaka 26 ya ufundi wa redio na taa, hakuna kitu kilicholetwa mezani kwangu mara nyingi kama tochi, na hakuna kitu ambacho watu hukitupa kabla ya wakati wake kama tochi.

Tochi ni hii hapa. Imenunuliwa mnadani kwa bei ya chini. Mwili wa aluminiamu, betri moja ya lithiamu, LED moja, kile kitaa kidogo cha mbele, swichi ya kubonyeza nyuma. Mwenye nayo aliniambia, "Fundi, hii imekufa, nitafutie nyingine yenye nguvu." Betri nimeichaji mwenyewe asubuhi hii ikajaa. Naiwasha. Tazameni ukutani. Mnaona? Ni kama kibatari kinachoishiwa mafuta.

Sasa tazameni tena. Naondoa kifuniko cha nyuma chenye swichi. Betri inabaki ndani. Nachukua kipande hiki cha waya wa shaba. Ncha moja naigusisha kwenye kitako cha betri, ncha nyingine kwenye ukingo wa mwili wa tochi. Mmeona? Ukuta mzima umewaka! Betri ni ileile. LED ni ileile. Kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni njia tu. Basi ule mwanga ulikuwa umepotelea wapi?

Lishikeni swali hilo. Umeme ulitoka kwenye betri. Taani haukufika. Umepotelea wapi?

Binti yangu wa kidato cha tatu, wewe uliyekaa mbele na daftari, njoo ukae hapa mezani. Kifuniko hiki hapa. Ndani yake kuna kipete chenye matundu mawili. Kizungushe kwa ncha za mkasi kitoke, utoe swichi na springi. Hii ni raba ya kufutia penseli. Hiki ni kitambaa, hii ni spiriti, na pasi ya kuchomelea ile pale inapata moto. Mimi naongea, wewe fanya kazi. Tutaonana mwishoni.

Ndugu zangu, nianze na njia ya umeme, na hapa nitakaa sana, kwa sababu tochi nyingi mnazoniletea huwa zinaumwa hapa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na tochi ya bati ya betri mbili kubwa. Ilikuwa tochi pekee katika nyumba tatu. Ng'ombe akizaa usiku, tochi ya bibi. Mtoto akiumwa, tochi ya bibi. Na kila mchana, bibi alizitoa zile betri akazianika juani, juu ya mkeka uleule wa dagaa. Wangapi humu wamewahi kuanika betri juani? Inueni mikono. Naona hata wazee wa baraza wameinua.

Bibi hakukosea. Betri ikipata joto, kemikali zilizomo ndani hufanya kazi kwa wepesi zaidi, nayo huamka kidogo. Ila huamka kwa muda mfupi. Na kuna jambo ambalo bibi hakuambiwa na mtu: katika betri zile za zinki na kaboni, kikopo chenyewe cha zinki ndicho kinacholiwa kadiri betri inavyotumika. Kikiliwa hadi kutoboka, majimaji hutoka, na majimaji hayo hula springi na ule utepe wa shaba unaopeleka umeme kwenye swichi.

Nilikuwa kidato cha pili nilipoifungua tochi ile mara ya kwanza. Utepe ule ulikuwa umeota kutu ya kijani. Nilichukua limau kutoka jikoni, nikachovya kipande chake kwenye chumvi, nikausugua utepe hadi ukarudi kuwa mwekundu. Nikausuuza kwa maji, nikaukausha vizuri. Kisha nikachukua betri mbili ambazo bibi alikuwa amezitenga ili watoto wachezee, nikaziweka ndani. Zikawaka! Betri zilizoitwa maiti zikawaka, na bibi akatembea nazo zaidi ya wiki nzima. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kuwa fundi. Na siku hiyohiyo niliumia moyoni, kwa sababu nilianza kuhesabu betri zote ambazo bibi alizinunua kwa fedha ya mayai, akazitupa zikiwa bado nzima.

Kwa nini kutu kidogo ilete hasara kubwa hivyo? Sikilizeni hesabu hii. Betri mbili ni volti 3. Balbu ile ya zamani ya waya mwembamba ni kitu kinachodeka: ukiipunguzia volti kwa sehemu moja tu ya tano, ikapata 2.4 badala ya 3, mwanga wake unashuka chini ya nusu. Chini ya nusu! Kutu haikula sehemu kubwa ya umeme, lakini ilikula nusu ya mwanga.

LED nayo ina udhaifu wake. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake sawasawa. Betri ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, na sehemu kubwa ya usiku hukaa karibu na 3.7. Kati ya 3.7 na 3 kuna nini? Kuna 0.7. Hiyo 0.7 ndiyo nguvu yote inayosukuma umeme upite. Swichi chafu ikila 0.3 njiani, umebakiwa na 0.4. Karibu nusu ya msukumo imeishia kwenye uchafu ambao huwezi hata kuuona kwa macho.

Basi tochi yoyote ikianza kufifia, kabla hujaenda dukani, fanya jaribio lile la waya mliloliona. Ikiwaka zaidi kwa waya kuliko kwa kifuniko, ugonjwa uko kwenye kifuniko. Kama tochi yako ina swichi ya pembeni na una mita ya kupimia umeme, washa tochi, weka ncha moja ya mita upande huu wa swichi na nyingine upande ule. Swichi nzima itasoma karibu na sifuri. Ikisoma volti 0.2 au 0.3, umemkamata mwizi.

Tiba yake? Safisha kila mahali ambapo chuma kinagusana na chuma. Kitako cha betri na pua yake. Springi. Ukingo wa mwili. Pale kifuniko kinapojikaza kwa kuzungushwa, futa kwa kitambaa chenye spiriti hadi kitambaa kisitoke cheusi. Aluminiamu ina tabia ya kujivika ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, kwa hiyo ule ukingo ulio wazi usugue kwa raba ya mwanafunzi. Raba inatosha. Msasa tumia ukishindwa kabisa, tena ule laini.

Kisha springi. Springi ni ya chuma, na chuma hupitisha umeme kwa shida zaidi ya mara tano kuliko shaba. Tena umeme unalazimika kuzunguka mikunjo yote kabla haujafika. Tuusaidie. Chukua waya laini wa nyuzi nyingi, kama ule wa chaja ya simu iliyokufa, kata kipande kifupi, chomelea ncha moja juu ya springi na nyingine chini yake. Waya uwe umelegea kidogo ili springi iendelee kubonyea. Sasa umeme una barabara ya lami badala ya njia ya mbuzi. Toa betri kabla ya kuchomelea, na usikawie na pasi, maana plastiki ya swichi huyeyuka upesi. Na nawasihi, msichomelee kamwe kwenye betri ya lithiamu yenyewe. Springi, ndiyo. Betri, hapana.

Vijana, najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme jinsi ya kuweka LED kubwa. Nimeona macho yenu tangu nilipoingia. Haya, tuseme.

Kwanza jueni kitu mnachokishika. Taa nyekundu za LED zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini taa nyeupe haikupatikana kwa sababu hakuna aliyeweza kutengeneza LED ya bluu yenye nguvu. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walihangaika nayo kwa miaka mingi hadi wakafaulu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. LED yako nyeupe ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake. Ukifika nyumbani iangalie ikiwa imezimwa: utaona doa la manjano. Bluu ikipita kwenye manjano, jicho linaona nyeupe.

Kwa nini nawaambia hivyo? Kwa sababu ya kijana niliyekuwa namfundisha kazi. Kijana hodari, mwenye mikono mizuri. Alinunua LED ya wati 3, akatoa LED ndogo katika tochi yake ya plastiki, akaibandika ile kubwa kwa gundi kwenye kikombe cha plastiki, akaiunganisha moja kwa moja na betri. Ikawaka kama taa ya pikipiki. Watu wakatoka dukani kuja kuitazama. Baada ya dakika chache mwanga ukaanza kugeuka, ukawa na bluu. Kisha ukapepesa. Kisha giza.

Alikuja kwangu akasema, "Mwalimu, wameniuzia LED mbovu." Nikamwambia, leta tuifungue. Plastiki ilikuwa imebonyea nyuma ya LED. Doa la manjano lilikuwa limebabuka na kuwa jeusi katikati. LED ile haikuwa mbovu. Ilikufa kwa joto.

Balbu ya zamani hutupa joto lake mbele, pamoja na mwanga; ukiweka mkono mbele yake unalisikia. LED haifanyi hivyo. LED inatoa mwanga mbele na kuliacha joto nyuma, kwenye kitako chake. Na joto hilo si dogo: katika LED hizi za bei ya chini, zaidi ya nusu ya umeme wote hugeuka joto. Joto hilo litatokea wapi? Kwenye plastiki halipiti. Likikosa mlango, linabaki mle ndani na kuipika LED.

Kwa hiyo, vijana, ukitaka kuweka LED kubwa, anza na mlango wa joto. Yule kijana tulimtafutia sufuria ya bibi yake iliyotoboka. Sufuria zetu ni aluminiamu, na aluminiamu husafirisha joto vizuri mno. Alikata duara kutoka kitako cha sufuria, akalipiga tupa hadi likaingia kwa kubana kwenye kichwa cha tochi nyingine, ya aluminiamu safari hii. LED akaifunga juu ya duara lile, katikati akapaka pesti nyeupe ya kupozea, ile wanayotumia mafundi wa kompyuta. Akaipaka nyembamba kabisa, kwa maana kazi ya pesti ni kujaza vijishimo tu. Ukiipaka nene inakuwa blanketi.

Na kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Shika kichwa cha tochi baada ya dakika tano. Kikiwa na joto mkononi, furahi: joto linatoka. Kikiwa cha baridi ilhali mwanga ni mkali, ogopa, maana joto limefungiwa ndani na LED inaungua kimyakimya. Watu wengi wanafikiri kinyume chake. Wananiletea tochi nzuri wakilalamika kwamba inapata moto.

Hapo hapo niseme juu ya zile tochi ndogo za LED tisa na betri tatu nyembamba. Betri tatu ni volti 4.5, na nyingi ya tochi hizo hazina hata rezista moja, kile kijipande cha kuzuia umeme usizidi. Kinachozuia umeme usizidi ni unyonge wa betri zenyewe na uchafu wa springi. Ukizisafisha nilivyosema na kutia betri za alkalaini zenye nguvu, unaweza kuziunguza. Je, tusizisafishe? Safisheni, lakini pimeni. Kila LED ndogo kama ile imeundwa kwa miliampia 20 hivi. Tisa ni 180. Weka mita kwenye ampia, iunganishe badala ya kifuniko. Ikisoma 180 au chini, endelea. Ikisoma 400, ongeza rezista ndogo ya omu 1 au 2 njiani hadi ishuke. Mwanga utapungua kidogo, nayo itaishi.

Utapungua kiasi gani? Kidogo kuliko unavyodhani. Jicho la binadamu halihesabu mwanga kama duka linavyohesabu. Ukiongeza mwanga kwa robo, huwezi kuona tofauti bila kuziweka tochi mbili bega kwa bega. Na ukitaka tochi yako ifike mbali mara mbili, unahitaji mwale wenye nguvu mara nne. Mara nne! Ndiyo maana mtu anayekuambia LED hii ni kubwa maradufu, kwa hiyo utaona mbali maradufu, anakuuzia maneno.

Mahali pa kupata mara nne hiyo ni kwenye kikombe kile kinachong'aa. LED ikikaa mahali pake hasa katikati ya kikombe, mwanga mwingi unakwenda mbele kwa mwale mmoja. Ikizama au ikipanda milimita moja tu, mwale unatawanyika. Tochi nyingi za mnadani zimefungwa LED ikiwa imekaa upande. Fungua kichwa, zungusha polepole huku unaangalia ukuta wa mbali, na LED ikiwa imezama iinue kwa kipande chembamba cha aluminiamu chini yake. Kikombe chenyewe msikifute kwa kitambaa, nawaomba. Ule mng'ao ni utando mwembamba kuliko karatasi. Ukiufuta unaukwaruza na haurudi tena. Vumbi lipulize. Kioo cha plastiki kilichokwaruzika kisugueni kwa dawa ya meno na kitambaa laini, dakika kumi, kitarudi kung'aa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningeweza kuliacha, lakini dhamiri yangu hainiruhusu.

Wangapi mna zile tochi za plastiki zenye pini za kuchomeka moja kwa moja ukutani? Karibu kila nyumba. Ni tochi iliyotusaidia sana. Lakini sikilizeni. Kijana wa jirani yangu aliichomeka tochi kama hiyo, akaona haijai, akaifungua ikiwa bado imechomekwa. Kwenye akili yake, ile ni tochi, betri yake ni volti 4, volti 4 zitamfanya nini? Alirushwa. Nilimkuta amekaa chini ukutani, kidole kimeungua, hawezi kusema. Namshukuru Mungu alikuwa amevaa ndala na sakafu ilikuwa kavu.

Ndani ya tochi ile hakuna transfoma. Kuna kapasita moja na daiodi nne, basi. Kapasita inapunguza mkondo wa umeme, lakini haikutengi na ukuta. Ukigusa waya wowote mle ndani ikiwa imechomekwa, umegusa volti 230. Ile betri ndogo ya volti 4, kwa mwili wako, ni volti 230. Tena hata ukiichomoa, kapasita inaweza kubaki na umeme kwa muda. Kwa hiyo ichomoe, iache, usiguse pini, na wakati inachaji usiiwashe wala usimpe mtoto aishike. Mmenisikia akina mama? Inachaji, haishikwi.

Betri yake ni ya asidi, ndugu ya betri ya gari, na inakufa kwa sababu mbili. Ikiachwa bila chaji kabatini kwa miezi, mabati yake huganda chumvi isiyoyeyuka. Ikiachwa ukutani siku nzima, hukauka, kwa maana mle ndani hamna kitu cha kusema imetosha. Betri ikishakufa, usiitupe jalalani watoto wakaipasua. Mle mna risasi, na risasi inaharibu akili za watoto.

Mimi nikiletewa tochi hiyo, nafanya hivi. Natoa betri ya asidi. Natoa kapasita na daiodi zote, natoa pini, naziba matundu yake kabisa, ili asije mtu akaichomeka ukutani tena. Mahali pake naweka seli moja ya lithiamu na kile kibao kidogo cha saketi cha kuchajia kinachopokea waya wa chaja ya simu, kile chenye ulinzi. Kinachaji hadi volti 4.2 kisha kinakata chenyewe, na betri ikishuka mno kinaizima isiharibike. Tochi inakuwa nyepesi, inakaa usiku kadhaa, na mtoto anaweza kuichaji bila mama kuogopa. Lakini hili lishikeni kwa mikono miwili: msiweke kamwe lithiamu kwenye chaji ile ya zamani. Haitakata. Lithiamu iliyozidishiwa chaji inawaka moto, na moto wake ni mkali.

Mkinunua seli, msisome namba kwa pupa. Seli inayoitwa 18650 ina jina hilo kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Ya ukubwa huo, iliyo ya kweli, huwa na mAh, yaani kipimo cha umeme inaoweza kubeba, 2000 hadi 3500 hivi. Mkiona imeandikwa 9900, rudisheni. Na ipimeni mkononi, au kwenye mizani ya duka la dhahabu kama ipo karibu: seli ya kweli ina gramu 45 hivi. Zilizoandikwa 9900 mara nyingi ni nyepesi ajabu. Za kutoka kwenye laptopu zilizokufa zinafaa pia, ila ipimeni kila moja. Iliyoshuka chini ya volti 2 iacheni, na yenye gamba lililochanika iacheni.

Ndugu zangu wavuvi, kwenu nina neno moja la maji. Taa zenu za LED zimechukua mahali pa karabai, nami nafurahi kwamba hamvuti tena moshi wa mafuta ya taa usiku kucha. Lakini zinakufa kwa maji yanayoingia penye mfuniko. Mpira wa kuzuia maji ukikatika, kateni mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Msipake mafuta ya mgando, maana huvimbisha mpira ule ukalegea. Pakeni grisi ya silikoni, kidogo tu.

La mwisho linanirudisha kwa bibi yangu.

Zile betri alizowapa watoto, hata baada ya mimi kuzitumia wiki nzima, zilikuwa bado na kitu. Betri ya volti 1.5 ikishuka hadi 1 tunasema imekufa. Haijafa. Imeshindwa tu kufikia volti 3 za LED. Je, hatuwezi kuinyanyua? Tunaweza. Chukueni balbu ya enajiseva iliyokufa, mfungue kitako chake bila kuvunja mrija wa kioo, maana mrija una zebaki. Ndani mtapata kipete kidogo cheusi. Ondoeni nyaya zake, kizungushieni kipete hicho nyaya mbili kwa pamoja, mizunguko kumi hadi kumi na tano. Mwanzo wa waya wa kwanza uunganishwe na mwisho wa waya wa pili. Hapo ndipo penye chanya ya betri. Zimebaki ncha mbili: moja ipite kwenye rezista ya omu 1000 hadi mguu unaoitwa besi wa transista ndogo ya aina ya NPN, ambayo ni swichi ndogo ya umeme, nyingine iende kwenye mguu wa kolekta. Mguu wa emita uende kwenye hasi ya betri. LED ikae kati ya kolekta na emita. Transista inawaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila inapozima, kipete kinarusha umeme juu hadi LED inawaka. Betri moja. Iliyotupwa. Inawasha taa ya kukuonyesha mlango, choo na kitanda cha mtoto, hadi inaposhuka karibu na volti 0.6.

Bibi alifariki kabla sijajua kukiunda kitu hiki. Nilichonacho ni hiki hapa, nimekiweka kwenye kopo la dawa. Betri iliyomo niliiokota mwezi uliopita njiani kwenda mwaloni. Nawapitishia mkione, kianzie kwa wazee.

Binti yangu, umefika wapi? Umechomelea? Nionyeshe. Waya umelegea vizuri, na kipete kimetakata. Rudisha springi, rudisha swichi, kaza kipete. Funga kifuniko hadi mwisho.

Mzee wangu uliye karibu na mlango, tuzimie taa ya ukumbini.

Haya mwanangu, washa.